Tathmini ya huduma ya kupanga kustaafu: pensheni waliijua vyema, nyumba ya kupangisha waliihesabu kwa macho

Nilipobakiza miaka mitatu kufikia umri wa kustaafu niliamua kulipia huduma ya ushauri badala ya kuendelea kupiga mahesabu usiku nyuma ya bahasha. Huduma yenyewe ni vikao vitatu vya saa moja na nusu kila kimoja, ripoti iliyochapwa ya kurasa 38, na ruhusa ya kutumia kikokotoo chao cha mtandaoni kwa mwaka mzima. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya ninayoyalalamikia hapa nimeyasikia pia kwa watu waliohudumiwa kwingine, na sioni haki moja ibebe lawama za wengi. Niseme mapema nilichokikuta: katika pensheni nilipata thamani ya fedha yangu na ziada, katika uwekezaji nilipata ushauri mzuri ulioambatana na jambo moja lililonikera, na katika nyumba ya kupangisha, ambayo ndiyo iliyonipeleka kwao, daftari langu la nyumbani lilinifundisha zaidi kuliko ripoti yao.

Hali yangu si ya ajabu. Nina haki ya pensheni katika mfuko wa mwajiri, nina akiba inayolingana na mishahara 48 ya mwezi, na nina nyumba moja ya vyumba vitatu ambayo nimeipangisha kwa miaka sita. Mume wangu ni seremala aliyejiajiri maisha yake yote, hana pensheni, na anaamini kwamba nyumba haikimbii ilhali hisa ni karatasi tu. Swali tulilokwenda nalo lilikuwa hili: je, nichukue mkupuo (sehemu ya pensheni inayolipwa yote kwa mara moja) mkubwa kadiri kanuni zinavyoruhusu, niongeze mkopo kidogo, tununue nyumba ya pili? Katika tathmini hii nitatumia mshahara wangu wa mwezi kama kipimo cha kila kitu, maana hivyo ndivyo nilivyolazimika kufikiri ili nielewe.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha karatasi. Tulitakiwa kuleta taarifa ya michango, kitabu cha kanuni za mfuko wa pensheni, taarifa za akiba, hati ya nyumba, mkataba wa mpangaji na orodha ya matumizi ya miezi 12. Orodha hiyo ya matumizi ndiyo iliyonisumbua, lakini ndiyo iliyokuwa na manufaa: iligundulika kwamba tukiondoa nauli, michango ya pensheni yenyewe na gharama nyingine za kazini, tunahitaji asilimia 75 ya mshahara wangu wa sasa ili kuishi kama tunavyoishi. Nilikuwa nikidhani ni 60.

Pensheni ndipo walipoonyesha ustadi. Kanuni za mfuko zinanipa, nikistaafu na miaka 60, pensheni ya kila mwezi ya asilimia 48 ya mshahara wa mwisho. Zinaniruhusu pia kubadilisha sehemu yake, isiyozidi robo, kwa malipo ya mkupuo. Nikibadilisha robo nzima, nitapokea mishahara 20 kwa mara moja, na pensheni itashuka hadi asilimia 36. Mishahara 20 ni fedha ambayo sijawahi kuiona ikiwa mahali pamoja, na nakiri kwamba kabla ya kikao nilikuwa nimekwisha kuigawa kichwani hadi rangi ya milango ya nyumba ya pili.

Mshauri, kijana mtaratibu aliyeniita Mama tangu tuliposalimiana, hakuanza kwa kunikataza. Alichukua karatasi tupu akaandika hesabu moja. Asilimia 12 ya mshahara kila mwezi ni mshahara mmoja na asilimia 44 kwa mwaka. Gawanya mishahara 20 kwa 1.44, unapata karibu miaka 14. Maana yake ni kwamba, ukiacha kando riba na kupanda kwa bei, mkupuo ni pensheni yangu mwenyewe ya miaka 14 niliyotangulizwa, na baada ya kutimiza miaka 74, kila mwezi nitakaouishi nitakuwa nimepunjwa.

Hesabu hiyo nilikwisha kuiona, na kama angeishia hapo ningeondoka nikiwa na uhakika wa uongo. Aligeuza karatasi. Fedha unayoipokea leo inaweza kuzaa, alisema, ilhali pensheni isiyopandishwa hubaki na tarakimu ileile mwaka hadi mwaka. Iwapo mkupuo utazaa asilimia 3 kwa mwaka, ile miaka 14 inakuwa 18. Iwapo utazaa asilimia 6, inakuwa karibu 31, yaani ningehitaji kufika miaka 91 ndipo pensheni kamili inishindie. Nilirudia hesabu hiyo nyumbani kwa kikokotoo cha mkononi, mwaka kwa mwaka, kwa sababu sikuamini kwamba uamuzi uleule unaweza kuwa wa kijinga kwenye ukurasa mmoja na wa busara nyuma yake. Ilikuwa sahihi.

Kumbe basi jambo zima lilining'inia kwenye neno moja la kitabu cha kanuni, na sifa ninayompa mshauri huyu ni kwamba alilitafuta neno hilo na kulipigia mstari mbele yetu. Kifungu kinasema wadhamini wa mfuko "wanaweza" kupandisha pensheni kulingana na mfumuko wa bei. Hakisemi "watapandisha". Tofauti kati ya vitenzi hivyo viwili ni kubwa kuliko inavyosikika: bei zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, pensheni isiyoguswa hupoteza nusu ya nguvu yake ya kununua katika muda wa miaka 12 hivi, na nikiwa na miaka 72 ningekuwa napokea tarakimu zilezile zikinunua nusu ya kapu. Taarifa za mfuko zilionyesha kwamba katika miaka kumi iliyopita wadhamini walipandisha mara tatu. Kwa hiyo ukweli wangu uko katikati ya pande mbili za ile karatasi, na mshauri hakujifanya kujua uko karibu na upande upi.

Alichofanya baadaye ni kuuliza swali ambalo halimo kwenye jedwali lolote: "Mama, katika watu unaowafahamu waliopokea mkupuo, ni wangapi ambao baada ya miaka mitano bado walikuwa nao?" Nilimfikiria mmoja. Mume wangu aliangalia dirishani. Asilimia 6 ni rahisi kuiandika. Kuiacha fedha itulie hadi iizae ni kazi nyingine, maana mkupuo una miguu na kila ndugu anajua siku ulipoingia.

Ni hapo alipotusimulia kisa cha Jeanne Calment wa Arles, Ufaransa, ambacho nilikuwa nimekisikia nusu. Mwaka 1965, akiwa na miaka 90, bibi huyo alikubaliana na mwanasheria mmoja mwenye miaka 47 kwamba mwanasheria amlipe faranga 2,500 kila mwezi maisha yake yote, kisha arithi nyumba yake atakapofariki. Mwanasheria alilipa kwa miaka 30, akafariki mwaka 1995 akiwa na miaka 77 bila kuishi ndani ya nyumba hiyo hata siku moja, na familia yake ikaendelea kulipa hadi Calment alipofariki mwaka 1997, akiwa na miaka 122. Kwa jumla walilipa zaidi ya mara mbili ya thamani ya nyumba. Watu hucheka kisa hiki kwa sababu ya mwanasheria, lakini mimi nilimtazama bibi. Alikuwa na nyumba isiyomlisha, akaibadilisha kwa malipo yasiyokoma, na hatari ya kuishi muda mrefu akaihamishia kwa mtu mwingine. Hicho ndicho pensheni ya kila mwezi inachokifanya na ambacho akiba na nyumba havikifanyi: mtu mwingine ndiye anayehangaika nikichelewa kufa.

Ikumbukwe kwamba haya yote yananihusu kwa sababu mfuko wangu ni wa aina ile ambayo mafao yake yamepangwa na kanuni. Aliye katika mfuko ambao kinachojulikana ni mchango tu, na mafao yakitegemea soko litakavyokuwa siku ya kustaafu, atakuwa na mazungumzo tofauti kabisa, na sehemu kubwa ya hatari niliyoieleza iko begani mwake tayari.

Mwishowe tulichagua nusu ya kiwango kinachoruhusiwa. Nitachukua mkupuo wa mishahara 10, ambao utakaa kama fedha ya dharura na hautahesabiwa kama mapato, na pensheni itakuwa asilimia 42. Halafu ikaja hoja ya mwenza. Pensheni ya kawaida inakoma nikifa. Nikikubali ipunguzwe kwa sehemu moja ya kumi na mbili, mume wangu ataendelea kupokea nusu yake hadi mwisho wa maisha yake. Kwa kuwa yeye hana pensheni, tulilimaliza hilo kwa dakika tano. Nitapokea asilimia 38.5. Ninayaandika makato haya wazi kwa sababu vijarida vya kuitangaza huduma vinazungumzia "pensheni yako" kana kwamba ni tarakimu moja, wakati yangu ilianza kuwa 48 na kuishia 38.5 bila mtu yeyote kuniibia.

Upande wa uwekezaji, kikao cha pili kilikuwa kizuri hadi ukurasa wa 31. Akiba yangu ilikuwa imekaa karibu yote katika mfuko wa pamoja wa uwekezaji unaotoza ada ya asilimia 2 kwa mwaka. Ada hiyo sikuwahi kuijali, kwa kuwa haikatwi kwenye mshahara wala haionekani kwenye risiti. Mshauri alinionyesha vipande 100 vilivyowekezwa kwa miaka 25 katika soko linalozaa asilimia 7: kwa ada ya asilimia 2 vinakuwa 339, na kwa ada ya nusu asilimia vinakuwa 483. Tofauti inazidi mtaji wenyewe. Hiyo ndiyo sababu mifuko inayofuata faharisi ya soko, yaani kipimo cha bei za hisa za soko kwa jumla, bila kujaribu kulishinda, aina ambayo John Bogle, mwanzilishi wa kampuni ya uwekezaji ya Vanguard, aliwafungulia wawekezaji wa kawaida wa Marekani mwaka 1976, imeenea kiasi hiki. Si kwamba ina akili zaidi, ni kwamba inakula kidogo.

Kisha tukafika kwenye swali la kiasi gani nichote kila mwaka bila akiba kukauka kabla yangu. Ripoti inatumia kanuni ya asilimia 4, iliyotokana na kazi ya mshauri Mmarekani William Bengen ya mwaka 1994: mwaka wa kwanza chota asilimia 4 ya akiba, na kila mwaka unaofuata ongeza kiasi hicho kwa kadiri bei zilivyopanda, na akiba iliyochanganya hisa na hatifungani (mikopo ambayo mwekezaji anaipa serikali au kampuni kwa riba) itadumu angalau miaka 30. Nilipenda kwamba mshauri hakuiuza kama amri. Alieleza kwamba Bengen alitumia historia ya masoko ya Marekani kuanzia mwaka 1926, historia ya soko lililobahatika, na kwamba aliyestaafu mwishoni mwa mwaka 1989 akiwa na hisa za Japani pekee angesubiri hadi mwaka 2024 ili Nikkei, faharisi ya soko la hisa la Tokyo, irudi pale alipoiacha. Hakuna anayestaafu kwa wastani wa dunia. Kila mtu anastaafu katika mwaka wake.

Jambo hilo la mwaka wa kuanzia lilinichukua muda kulielewa, na mfano uliolifungua ulikuwa mfupi. Wastaafu wawili wana vipande 100 kila mmoja, na kila mwanzo wa mwaka wanachota 10. Wa kwanza anaanza na mwaka mbaya, soko linashuka kwa asilimia 30, kisha linapanda kwa asilimia 50. Wa pili anapata miaka hiyohiyo kwa mpangilio wa kinyume. Kama wasingechota chochote, wote wangekuwa na 105. Kwa kuwa wamechota, wa kwanza ana 79.5 na wa pili 87.5. Soko lilelile, matumizi yaleyale, ila mmoja alikuta mlango umefungwa siku aliyofika. Ushauri uliofuata ulikuwa wa maana: matumizi ya miaka miwili yakae katika amana na hatifungani za muda mfupi, ili soko likianguka nisilazimike kuuza hisa wakati wa machozi.

Sasa ukurasa wa 31. Mfuko mahususi waliouandika kwenye mapendekezo una ada ya asilimia 1.1, nafuu kuliko niliokuwa nao, lakini zaidi ya maradufu ya ile nusu asilimia waliyonitolea mfano. Kwa herufi ndogo chini ya ukurasa imeandikwa kwamba kampuni "inaweza kunufaika na kamisheni" kutoka kwa wasimamizi wa mfuko huo. Nilipouliza, mshauri aliona haya kidogo, akakubali kwamba kamisheni ipo, akanieleza pia kwamba sikulazimika kuupitia mfuko huo. Namshukuru kwa kujibu bila kuzungusha maneno. Hata hivyo, mteja aliyelipa ada ya ushauri ana haki ya kuambiwa kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi za ukubwa uleule ulioandikia jina lake, kwamba anayemshauri analipwa na upande wa pili pia.

Nikaingia kikao cha tatu nikiwa na daftari la jalada la kijani.

Ripoti ilikuwa imeiweka nyumba yetu katika mstari mmoja: kodi ya pango kwa mwaka ni asilimia 8 ya thamani ya nyumba, ondoa asilimia 5 ya kodi hiyo kwa "gharama nyinginezo", baki asilimia 7.6. Miezi 12 ya kodi, ukiondoa kama wiki mbili na ushei. Mstari huo ulikaa chini ya mstari wa pensheni, kwa wino uleule na uhakika uleule, na kwa pamoja na asilimia 4 ya akiba, ambayo ni sawa na asilimia 16 ya mshahara kwa mwezi, ukatoa jumla ya asilimia 78.25 ya mshahara kila mwezi. Tulihitaji 75. Chini kabisa, kwa kijani kibichi: ziada.

Daftari langu linasimulia mengine. Katika miezi 72 tangu tuanze kupangisha, tumepokea kodi ya miezi 61. Miezi minne nyumba ilikuwa tupu kati ya mpangaji mmoja na mwingine, miwili tulikuwa tunakarabati, na mitano ni ya mpangaji wa pili, mtu mwenye adabu nyingi ambaye kila mwisho wa mwezi alituma ujumbe mrefu wa kuomba radhi na siku moja akatuma funguo. Katika hizo 61, miezi 14 ya kodi imerudi kwenye nyumba yenyewe: rangi kila anapohama mtu, tangi la maji lililopasuka, bati za upande wa jikoni, kitasa cha geti ambacho kimebadilishwa mara tatu na fundi yuleyule. Mitatu imekwenda kwa madalali, mmoja kwa kila mpangaji. Mitano imelipia bima na kodi za serikali. Imebaki 39. Kwa wastani ni miezi sita na nusu kwa mwaka, na ile asilimia 8 ya kwenye ripoti inageuka asilimia 4.3.

Nilimwekea mshauri hesabu hiyo mezani. Alisema, kwa heshima, kwamba asilimia 5 ndicho kiwango wanachotumia kwa wateja wote. Nilimuuliza kama yeye ana nyumba ya kupangisha. Hana. Simlaumu kwa hilo, ila inanishangaza kwamba kampuni iliyokuwa na subira ya kusoma kanuni za mfuko wa pensheni hadi kwenye kitenzi haikuomba hata mara moja kumbukumbu za kodi tulizopokea. Katika orodha ya karatasi za kikao cha kwanza uliombwa mkataba wa mpangaji. Na mkataba husema mtu aliahidi kulipa nini, hausemi alilipa nini. Nadhani sababu ni kwamba pensheni na mifuko ya uwekezaji huja na nyaraka zilizopangwa, na nyumba huja na fundi. Kilichopangwa huhesabiwa vizuri.

Marekebisho hayakuwa madogo. Kodi yetu kwa mwezi ni robo ya mshahara wangu. Kwa hesabu yao inachangia asilimia 23.75 ya mshahara kila mwezi. Kwa hesabu ya daftari inachangia 13.5. Jumla inashuka kutoka 78.25 hadi 68, na ile ziada ya kijani inakuwa pengo la asilimia 7. Kama nisingekuwa mtu wa kuandika mambo, ningestaafu nikiamini nina kiasi cha kutosha na kuzidi.

Hapo ndipo kikao kilipokuwa kizuri tena, kwa sababu badala ya kubishana tulianza kulinganisha. Je, tuuze nyumba? Thamani yake ni kama mishahara 37.5, tukitoa gharama za kuuza na kodi za serikali, tuseme sehemu ya kumi, inabaki 33.75, na asilimia 4 ya hiyo inatupa asilimia 11.25 ya mshahara kila mwezi. Nyumba inatupa 13.5. Tofauti ni asilimia mbili na robo ya mshahara, na hiyo ndiyo ujira wangu wa kuwa mwenye nyumba: simu za saa nne usiku, safari za kumfuata fundi, mahojiano ya wapangaji. Nilipoiona kwa namna hiyo nilinyamaza kidogo.

Hata hivyo sikuamua kuuza, na nadhani mshauri alikuwa sahihi kutonisukuma. Kodi ya pango ndiyo mapato pekee kati ya matatu yangu ambayo mimi mwenyewe naweza kuyapandisha bei zikipanda, na pensheni yangu, kama tulivyoona, inategemea hiari ya wadhamini. Nyumba inaziba tundu ambalo neno "wanaweza" limeliacha. Udhaifu wake ni wa aina nyingine: ni moja, ina mpangaji mmoja, na akihama mapato yake yote yanahama naye kwa mkupuo. Akiba naweza kuchota kidogo kidogo. Nyumba siwezi kuuza chumba kimoja cha kulala nilipie matibabu. Na umri nao una neno lake, kwa kuwa nikiwa na miaka 75 bati za jikoni zitahitaji mtu wa kuzisimamia, na mtu huyo atalipwa.

Nyumba ya pili kwa mkopo ilikufa bila mjadala mrefu. Riba ya mkopo ikizidi asilimia 4.3, na ilikuwa inaizidi kwa mbali, kila mwezi ningekuwa naiongezea benki fedha kutoka kwenye pensheni ili nipate heshima ya kuwa na mpangaji wa pili. Mume wangu alisema bei ya nyumba nayo itapanda. Huenda. Lakini kupanda kwa bei ya nyumba usiyoiuza hakununui unga, na alikubali, ingawa si siku ileile.

Kikokotoo cha mtandaoni hakinishawishi. Kimewekwa kwa chaguo-msingi kwamba utaishi hadi miaka 85 na kwamba bei zitapanda kwa asilimia 3, na sehemu ya kubadilisha tarakimu hizo imefichwa ndani ya menyu ambayo niliipata kwa bahati. Atakayeitumia huduma hii aweke 95 kabla ya kuamini chochote kinachoonyeshwa kwenye kioo.

Ada niliyolipa ni karibu theluthi moja ya mshahara wa mwezi, mara moja, bila malipo ya kila mwaka. Kwa kazi waliyoifanya kwenye pensheni peke yake ningelipa tena, kwa kuwa fomu ya kuchagua mkupuo ikishasainiwa na kupokelewa haibadilishwi, na uamuzi huo ni mkubwa kuliko gari au kiwanja chochote nilichowahi kununua. Ninaipa huduma hii nyota tatu na nusu kati ya tano. Ningeipendekeza bila kusita kwa mwenye pensheni na akiba. Mwenye nyumba za kupangisha aende, lakini aende na daftari, na kama hana daftari aanze kuandika mwaka mmoja kabla, hata kama ni kwenye simu.

Wiki mbili baada ya kikao cha tatu nililetewa ripoti iliyorekebishwa. Kijani cha ukurasa wa mwisho kimegeuka rangi ya chungwa, kamisheni imetajwa kwenye ukurasa wa pili, na mstari wa nyumba sasa unasomeka kodi ya miezi 9 kwa mwaka. Nilimpigia mshauri nikamuuliza tisa imetoka wapi, maana yao ilikuwa zaidi ya 11 na yangu sita na nusu. Alicheka. "Mama," alisema, "nimechukua wastani wa yako na yetu."